"Hamna hela": ni nani hana, au ni wapi hakuna?

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni katibu wa kikoba cha akina mama huku Mbagala, tuko 28. Wiki iliyopita mtunza fedha alinipigia simu kuwa mikopo haitawezekana kwa sababu marejesho hayajaingia. Nikaandika kwenye kundi letu la WhatsApp: 'Habari za jioni wapendwa. Hamna hela ya kutosha, mikopo isubiri hadi Jumamosi ijayo.' Hata dakika tano hazikupita, mama mmoja akajibu: 'Nani kakwambia hatuna hela? Umetupekua mifukoni?' Mwingine akauliza: 'Zimekwenda wapi?' Nikajitetea haraka haraka: 'Jamani sisi viongozi siwezi.' Wakacheka, lakini si kicheko kizuri. Mwenyekiti ananiambia kosa langu ni 'hamna', eti ni lugha ya mtaani, ningeandika 'hakuna' au 'hapana'. Na binti yangu wa darasa la sita amekosolewa shuleni kwa kuandika 'Ndio' badala ya 'Ndiyo'. Nimeanza kuogopa hata kuandika. Haya maneno madogo yana tofauti gani, na nani yuko sahihi?"

Marahaba, katibu. Nianze kwa kukutua mzigo mmoja: ujumbe wako wa kwanza haukuwa na kosa la sarufi. Wa pili ulikuwa nalo, nalo ni la nafasi moja tu ambayo kidole kiliiruka. Tutalifikia.

Nimesoma majibu ya wenzako mara mbili, na nadhani umelikosa jambo la kuchekesha zaidi katika kisa chako chote. Wale akina mama wawili hawakuwa wakigombana na ujumbe mmoja. Wa kwanza aliposema "nani kakwambia hatuna hela", alikuwa amesoma kwamba unawaambia wanachama: ninyi hamna hela, ninyi ni watu wa hali ya chini. Wa pili aliposema "zimekwenda wapi", alikuwa amesoma kwamba sandukuni ni kweupe. Mmoja alisikia tusi, mwingine akasikia wizi. Na wote wawili walisoma Kiswahili chao vizuri kabisa, maana sentensi yako inabeba maana zote mbili bila kupungukiwa na kitu.

Livunje neno lenyewe: ha-m-na. Ile "ha" mwanzoni ni ya kukanusha. Ile "na" mwishoni ni ya kuwa na kitu. Katikati imekaa "m", na huyo "m" ndiye mwenye kesi. Kazi yake ni kutaja mwenye sentensi, yaani nani, au wapi, panapokosa hicho kitu. Tatizo ni kwamba Kiswahili kina "m" wawili wanaoweza kukaa hapo. Yupo "m" wa ninyi, yule wa "mnakwenda", "mmekula", "hamtaki". Na yupo "m" wa ndani, yule wa "humu", "humo" na "mle". Kwa hiyo "hamna hela" ni "ninyi hamna hela", na pia ni "humo ndani hamna hela".

Huyu "m" wa ninyi unakutana naye kila asubuhi bila kumtambua. Unaposema "hamjambo" unawaambia watu kwamba hamna jambo, hakuna kibaya kilichowapata. Ndiyo maana wao wanajibu "hatujambo". Jibu linambadilisha nafsi: ninyi akawa sisi. Hapo umepata kipimo ambacho hakikuangushi. Ukitaka kujua "hamna" fulani ni ya nani, jaribu kuijibu. Kama jibu linaloingia ni "tunazo" au "hatuna", basi ni "m" wa ninyi. Kama jibu linaloingia ni "zimo" au "hazimo", basi ni "m" wa ndani. Wenzako walikufanyia kipimo hicho hadharani, mmoja akajibu huku na mwingine akajibu kule.

Sasa twende kwa mwenyekiti, ambaye nafikiri amekuonea kidogo. Hamna si lugha ya mtaani. Hapana, hakuna na hamna ni ndugu watatu wa tumbo moja. Kila aliyepita kidato cha pili alikaririshwa ngeli ya mahali, PA-KU-MU, akajibu mtihani, akaisahau. Ngeli hiyo ndiyo hii. Pa ni mahali dhahiri, panapoweza kuonyeshwa kwa kidole: hapa, pale. Ku ni eneo, upande, mahali pasipo na mpaka mkali: huku, kule. Mu ni ndani: humu, mle. Ukikanusha kuwepo kwa kitu, unachagua mmoja kati ya hao watatu kulingana na unachokitazama. Mezani hapana kitu, nimeangalia juu yake. Huku Mbagala hakuna maji tangu juzi, eneo lote. Mfukoni hamna kitu, nimeingiza mkono mpaka kwenye mshono.

Ushahidi mzuri hautoki kwenye kitabu, unatoka kwenye vinywa vya wazee. "Penye miti hapana wajenzi." Sikiliza jinsi "pe" ya mwanzo inavyoitika kwa "pa" ya katikati. Wapo wanaosema "kwenye miti hakuna wajenzi", na hapo pia kila kitu kimebadilika pamoja: "kwe" imeleta "ku". Siku hizi nasikia sana "penye miti hakuna wajenzi", mguu mmoja kiatu, mguu mmoja kandambili. Hakuna anayeshindwa kuielewa, ila mimi sikio langu linajikwaa kila mara.

Utatu huu si wa Waswahili peke yao. Vuka mpaka uingie Zambia kwa Wabemba, au Malawi kwa Wachewa, utakuta pa, ku na mu zikifanya kazi hiyo hiyo. Ni urithi wa lugha za Kibantu, umri wake ni mkubwa kuliko jiji hili. Kiunguja, ambacho kilikuwa kimechaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu kabla Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki haijaanza kazi mwaka 1930, kilikuja nao wote watatu. Kwa hiyo mtu akikuambia "hamna" haistahili kuandikwa, muulize kwanza "humo" na "mle" anaziweka wapi.

Kilichotokea ni kwamba "mu" imepoteza irabu yake. Zamani zote mbili, ya ninyi na ya ndani, zilikuwa na "u" yake. "U" ikamezwa, zikabaki mbili zinazofanana kama shilingi kwa ya pili. Mabaki yake bado yanaonekana mbele ya irabu: "nyumbani mwangu" kwa upande wa ndani, na "mwataka nini?" ya watu wa pwani kwa upande wa ninyi. Hapo "w" inakuonyesha mahali "u" ilipokuwa imekaa. Pa na ku hazikupata ajali hiyo, ndiyo maana "hapana" na "hakuna" hazimtukani mtu.

Mwenyekiti ana chembe ya haki, lakini. Hapa Dar es Salaam "hamna" imevimba, inakula nafasi za wenzake. Ukimwuliza muuza duka kama ana chenji ya elfu kumi, anasema "hamna" hata kabla hajafungua droo. Ukimwuliza mtoto aliyeanguka kama ameumia, anajifuta vumbi na kusema "hamna". Mtu akikuomba radhi unamwambia "hamna shida". Na siku ya mechi kwa Mkapa, mashabiki wa upande mmoja watakuambia upande wa pili "hamna kitu", ingawa hakuna aliyetazama ndani ya chochote. Katika matumizi hayo "m" ameacha kuonyesha ndani, amekuwa sauti tu ya kukataa. Mimi sioni ubaya wowote kwenye mazungumzo. Mjini ndivyo tunavyoongea, na hata mimi nikimjibu jirani getini nasema "hamna". Ubaya unaanza pale neno lililozoea uso kwa uso linapohamia kwenye maandishi. Ukisema "hamna hela" huku umelishika sanduku, mkono wako umeshamaliza kueleza. Kwenye simu mkono hauonekani.

Nina kisa changu mwenyewe, nikueleze usijione mpweke. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado nafundisha sekondari, niliandika kwenye ubao wa matangazo: "Wazazi wa kidato cha tatu, Jumatatu hamna kikao." Nilimaanisha hakuna kikao siku hiyo. Wakaja wazazi watatu wakiwa wamekasirika: wao wamesikia kuna kikao cha wazazi wa vidato vingine, na wao peke yao wameambiwa hawana. Nilikuwa na shahada ya lugha hiyo hiyo. Tangu siku ile nikiandika "hamna" huwa nasimama na kujiuliza: ninyi, au humo?

Tukiwa bado kwenye "m" wa ndani, kuna neno moja la mjini ambalo lingekuletea kesi kubwa zaidi. Ungeandika "fedha hamnazo", sarufi ingekuwa safi: ninyi fedha hizo hamna. Lakini macho ya mtu yangekimbilia "hamnazo" ya "kujifanya hamnazo", yule anayejifanya hajui kitu kumbe anajua. Mimi neno hilo nalisoma hivi: akili, kichwani hamna. Yaani "m" wa ndani, na "zo" ya akili. Nakuachia uone mwenyewe kundi lingewaka namna gani.

Sasa "hapana", pendekezo la pili la mwenyekiti. Kwa sarufi tupu, "hapana hela ya kutosha" inasimama, sawa na "hapana wajenzi". Lakini nisingekushauri, kwa sababu ya masikio ya leo. Hapana imehama nyumba. Ilitoka kwenye "mahali hapa hakuna" ikahamia kuwa jibu la kukataa, kinyume cha "ndiyo", na vijana wengi hawajui kabisa kwamba iliwahi kuwa na kazi nyingine. Tena enzi za ukoloni walowezi wa kizungu, hasa Kenya, waliifanya kuwa nyundo ya kugongea kila msumari: "mimi hapana taka", "yeye hapana jua". Mtu akiona "hapana hela" leo, kama si mzee wa pwani, anasikia mgeni anayejifunza. Ibaki kwenye methali na kwenye jibu.

Na kwa kuwa tumeigusa kama jibu, sikiliza hili kwa sababu katibu huulizwa maswali ya kukanusha kila kikao. Mtu akikuuliza "Marejesho hayajaingia?" na kweli hayajaingia, Kiswahili kinajibu "Ndiyo, hayajaingia". Unakubali alichokisema. Waliozoea Kiingereza ofisini hujibu "Hapana, hayajaingia", na hapo mnabaki mnatazamana, kila mtu na ukweli wake. Kwenye muhtasari wa kikao usiandike "Katibu alijibu ndiyo". Andika sentensi nzima.

Turudi kwenye ujumbe wako, tupime njia zilizokuwepo. "Hakuna hela ya kutosha", kama alivyotaka mwenyekiti, ingemnyamazisha yule mama wa kwanza, maana "ku" haina ninyi ndani yake. Yule wa pili angeuliza vilevile. "Sandukuni hamna fedha za kutosha" ni Kiswahili kizuri sana, "ni" ya sandukuni na "m" wa hamna wameshikana mikono, utata wote umekwisha. Ila ndiyo ingemwasha zaidi huyo wa pili, kwa sababu sasa umetamka wazi kwamba sanduku limepungua. "Kikundi hakina fedha za kutosha" haimtukani mtu, lakini inasikika kama mmefilisika, na anayepanga kujitoa ataanza kuuliza hisa zake.

Ningekuwa mimi, ningeliacha neno la kukosa kabisa na kuandika sababu: "Marejesho ya mwezi huu hayajakamilika. Mikopo itatolewa Jumamosi ijayo baada ya kuhesabu mbele ya wote." Huyo "ya" wa "hayajakamilika" anawaonyesha marejesho, hawaonyeshi wanachama wala sanduku. Nakiri njia hii nayo ina gharama: wenye madeni watajiona wamesemwa. Lakini hao walau ni kweli wanadaiwa.

Kuna jambo ambalo sarufi haitakusaidia nalo. Mtu anayeuliza "zimekwenda wapi" kabla hajauliza "kwa nini" alikuwa na wasiwasi tangu kabla ya ujumbe wako. Vikoba vingi huwa na sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti, kwa sababu maneno peke yake hayatoshi pale pesa zilipo. Kama lenu halifunguliwi mbele ya watu, hata ungeandika kwa ufasaha wa shairi, swali lingekuja tu.

Sasa ile "siwezi". Ulitaka kusema "sisi viongozi si wezi", yaani hatuibi. Simu ikaunganisha, ikawa "siwezi", yaani mimi nashindwa. Wenzako wakasoma "sisi viongozi nashindwa". Mzee wa pwani angeweza hata kukupa pole, kwa sababu huko "siwezi" ni "naumwa", na "fulani hawezi" maana yake yuko kitandani. Nafasi moja, herufi zile zile sita, na maana tatu.

"Si" iliyosimama peke yake ni neno kamili, ni ukanusho wa "ni". Huyu ni mwizi, huyu si mwizi. Hiyo andika mbali na neno linalofuata, siku zote. "Si" iliyoshikamana na kitenzi ni nafsi ya kwanza iliyokanushwa: siwezi, sitaki, sijui. Hiyo usiitenganishe kamwe. Juu ya hizo mbili kuna "si" ya kukumbushia, ya "si ulisema utakuja?", ambayo haikanushi chochote, kinyume chake inakuvuta ukubali. Na kuna "sisi" iliyokatwa mkia kwenye maongezi, "si tupo hapa". Hiyo ya mwisho usiandike kwenye kundi la pesa. Fikiria "si wezi" ikisomwa kwa maana ya "sisi wezi".

Hapo wengi hukimbilia "sio", wakidhani ni "si" iliyonenepeshwa kidogo: "viongozi sio wezi". Ningekuwa nimekaa nawe nisingekukatisha, mjini tunasema hivyo wote. Kwenye maandishi ningeibadilisha, na sababu ni hii. Kiswahili hutofautisha kueleza na kuonyesha. "Huyu ni katibu" inaeleza kazi yake. "Huyu ndiye katibu" inamtoa kati ya wengine, kwamba ni huyu, si yule. Ukanusho nao una sura hizo mbili. "Hawa si wezi" inakana sifa. "Hawa sio walioiba" inakana kwamba ndio wao, pengine ni wengine. Ukiandika "viongozi sio wezi", msomaji mchokozi anaweza kuuliza: kwa hiyo wezi ni akina nani? Katika hali yako hilo ni swali usilolitaka.

Hii "o" ya mwisho inatupeleka moja kwa moja kwa binti yako, na hapa mwalimu wake yuko sahihi. Sio na siyo, ndio na ndiyo, ukizitamka hazina tofauti yoyote, maana ulimi ukitoka kwenye "i" kwenda "o" unapitia "y" upende usipende. Kwa hiyo mtoto hawezi kuisikia tofauti. Lazima aione. Na kuiona ni rahisi akijua kwamba mkia wa neno unafuata ngeli ya kinachoonyeshwa. Mwambie aweke "hii", "huu", "hawa" na wenzake pembeni. Huyu ndiye mwalimu. Hawa ndio walimu. Huu ndio mpira. Hii ndiyo kalamu. Haya ndiyo majibu. Hicho ndicho kiti, hizo ndizo kalamu, hapa ndipo tunapokaa. Kila mkia una mwenyewe.

Na ile ya kukubali? Anayekubali ni kama anasema "ndiyo hiyo", habari ni hiyo uliyoisema. Habari ni ya ngeli ya "i", kwa hiyo mkia wake ni "yo". Ndiyo, mwalimu. Ukiona "ndio" peke yake kama jibu, hasa kwenye meseji, usimgombeze mtu mzima, lakini mtoto anayekwenda kufanya mtihani wa darasa la saba azoee "y" sasa hivi. Nitaongeza kwamba kumkata alama mtoto bila kumweleza mambo ya mkia ni kumfundisha woga. Angalia na wewe, mama yake, ulipofikia.

Swali lako la nani yuko sahihi limeshajibiwa kwa vipande: wewe kwenye "hamna", mwalimu kwenye "ndiyo", wenzako kwenye "siwezi", na mwenyekiti nusu.

Mpaka hapa mambo yanamalizika kwa kalamu. Kuna mahali hayamaliziki hivyo. Kama katiba ya kikoba chenu ina kifungu cha aina ya "asiyehudhuria vikao vitatu hamna mkopo" au "mkopaji sio lazima awe na mdhamini", usikisahihishe wewe peke yako kwa kusoma jibu langu. Neno kama hilo likibadilika, haki ya mtu inabadilika. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi kama chenu vinatakiwa kusajiliwa, na usajili unapitia halmashauri. Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu, ukiwa na nakala ya katiba na watu wawili wa kamati, isomwe kifungu kwa kifungu kwa sauti. Vifungu vingi vibovu hujitokeza vyenyewe vikisomwa kwa sauti mbele ya mtu asiyekijua kikundi. Kama tayari kuna mwanachama anayedai kunyimwa fedha kwa sababu ya namna kifungu kilivyoandikwa, hapo ni mwanasheria, si mwalimu wa Kiswahili. Na mkibishana juu ya maana ya neno lenyewe, Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lipo kwa kazi hiyo tangu 1967. Andikeni barua rasmi, mnukuu sentensi nzima, si neno peke yake. Neno peke yake, kama ulivyoona, halisemi ni la nani.

Ila kabla ya yote hayo, yule mama aliyeuliza kama umewapekua mifukoni, mpigie simu. Usimwandikie. Mpigie leo jioni, muulize habari za nyumbani, halafu mweleze ulimaanisha sandukuni.